Kilomita hazikuambii utafika lini

Kila ninapomsaidia mtu kupanga safari ndefu ya ndege, swali la kwanza huwa ni umbali. Jibu hupatikana upesi: London hadi New York, kwa mfano, ni takribani kilomita 5,570. Ila umbali huo ni uleule kwenda na kurudi, na muda haulingani. Kwenda New York ratiba huonyesha karibu saa 8; kurudi London ni 7 hivi, na upepo ukiwa mzuri hupungua zaidi.

Huko juu ndege kubwa zinakopita, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Anayeelekea mashariki husukumwa, anayeelekea magharibi hushindana nao. Kwa hiyo ukiulizia muda, ulizia wa kila upande.

Nikitaka makadirio tu, hugawanya kilomita kwa 850, halafu naongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Perth ya Australia hadi London, kilomita 14,500 hivi, napata saa 17 na nusu, na ratiba haiko mbali na hapo. Hesabu hii hufaa pale tu ndege inapokwenda moja kwa moja na njia ikiwa wazi. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa 9 na nusu hivi. Tangu anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege huizunguka na safari inachukua karibu saa 13. Miji iko palepale.

(Ukiona ndege ya New York kwenda Tokyo inapanda kaskazini mpaka karibu na Alaska, usidhani rubani kapotea. Ramani bapa ndiyo inayodanganya. Kwenye tufe hiyo ndiyo njia ya mkato.)

Tiketi nayo ina mtego wake: kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Ukiondoka London saa 5 asubuhi na kutua New York saa 8 mchana, utadhani umeruka saa 3 tu. Ongeza tofauti ya saa 5 kati ya miji hiyo, ndipo unapata 8. Mwezi Machi kuna wiki kadhaa tofauti hiyo huwa saa 4, kwa sababu Marekani husogeza saa zao mbele kabla ya Ulaya. Anayekuja kukupokea mwambie saa ya kutua kwa saa za huko huko, usimwachie hesabu.

Panapoumiza zaidi ni kuunganisha ndege. London hadi Sydney ni kilomita 17,000 hivi, lakini kwa kituo kimoja njiani safari hufika saa 23 na kuendelea. Mimi huchagua mapumziko ya saa 3 kuliko ya saa 1, hata kama jumla inaonekana mbaya, maana ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili haikusubiri. Na safari yote iwe kwenye tiketi moja. Hapo ukikosa ndege ya pili, shirika hukutafutia nyingine. Ukiwa umenunua tiketi mbili mbalimbali, hasara ni yako. Kabla ya kulipa, angalia pia kama nchi unayopitia inadai viza ya kupita tu.