Meno na mbizi: maswali ya wiki hii

Wiki hii wazamiaji wamewashinda hata kina mama wenye watoto wanaoota meno. Haya, zamu yenu.

*Dokta, shikamoo. Nawaongoza watalii kuzamia huku Nungwi. Nikifika kama mita 8 gego la juu linauma, nikiibuka linaacha. Nchi kavu sina tatizo.*

Marahaba mwanangu. Nchi kavu huna maumivu, tatizo unalo. Juu ya maji unabeba mgandamizo wa angahewa moja. Kila mita 10 unazoshuka inaongezeka nyingine, kwa hiyo mita 30 ni nne. Nyama na mifupa havisumbuki. Inayosumbuka ni hewa iliyofungiwa, nayo katika mita 10 za mwanzo tu hubanwa ikabaki nusu. Ndiyo maana unaumia mapema hivyo.

Hewa hiyo huwa imefungiwa ama kwenye tundu chini ya jino lililozibwa ovyo, ama kwenye pango la hewa lililo nyuma ya shavu, ambalo sakafu yake imekalia mizizi ya magego ya juu. Mafua yakiliziba pango hilo, magego matatu manne yatauma pamoja na wala hakuna bovu hata moja. Wapo waliokuja kwangu wakitaka ning'oe jino zima kwa ajili hiyo! Ligonge kwa mpini wa kijiko: likiuma peke yake, shuku jino. Kisha inama kama unayerukuu. Shavu likiwa zito, shuku mafua. Vyovyote iwavyo, usizame mpaka upigwe picha ya jino. Na dawa ya kufungua pua isikutie ujasiri: ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa itakwama wakati wa kuibuka.

*Jino langu la kuzibwa limepasuka nikiibuka, kule Misali. Niwadai waliotupeleka watalii na mimi?*

Kamdai aliyeziba juu ya uozo. Ukiwa chini, hewa hupenya polepole kwenye ufa. Ukiibuka inatanuka na njia ya kutokea haina. Jino zima halipasuki hivyo. Na nyinyi mnaouliza "wapi wanaziba rahisi", mmeona?

*Nikiweka karafuu kabla ya kuzama, inatosha?*

Swali hili nimelijibu hata nimechoka. Mimi ni Mpemba, karafuu sihitaji kufundishwa. Mafuta yake hutia ganzi kidogo, basi. Tundu haizibi, usaha haitoi. Ukilinyamazisha jino ndipo uende mita 20, umemziba mdomo anayekupigia kelele kuwa nyumba inaungua. Wala msiweke aspirini juu ya ufizi; inauchoma.

*Jana nimeng'olewa gego la juu. Kesho nina wageni wa kuzamisha.*

Hapana. Wiki moja kwa uchache, na daktari aangalie kwanza kama pango halikutoboka.

*Mama ana jino bovu. Anaogopa kupanda ndege ya Chake, Pemba, kuja Unguja.*

Vindege vyetu haviruki juu sana na safari ni fupi. Kwa kawaida atafika salama. Lakini akienda Hija, hewa ndani ya ndege kubwa huwa kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, kwa saa kadhaa. Jino lenye usaha linaweza kuamka huko, na huko hakuna wa kulitibu. Mahujaji, njooni mwezi kabla. Mnakuja usiku wa kuamkia safari, sanduku mlangoni, mnataka miujiza.

*Mimi napiga mbizi za pumzi, natafuta pweza. Mtungi situmii. Hainihusu, au vipi?*

Inakuhusu. Mita 10 ni mita 10.

*Meno yangu mazima, daktari kayaona. Ila kila nikitoka kuzama taya linauma.*

Unakitafuna kile kipande cha mdomoni cha kuvutia hewa kama muwa. Kishike kwa midomo, meno yakiguse tu.