Jibu: Kikundi cha kujitolea, kila mtu na mji wake, kinaendeshwaje?

Mkuu, umesema mko watu kama 30, Dar, Mwanza na wachache Ujerumani, mnachora kwenye OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), na mratibu akisafiri kazi inalala. Si uvivu. Mmejipanga kama ofisi, wakati anayejitolea leo yupo, kesho ana mtihani au ana mgonjwa nyumbani. Jipangeni mkijua kwamba yeyote anaweza kupotea wiki mbili bila taarifa.

Anzeni na ukubwa wa kazi. Mraba mmoja, yaani kipande cha ramani anachochukua mchoraji, mtu aumalize ndani ya dakika 30 hadi 45. Ukiwa mkubwa mno atachora nusu, atachoka, na anayefuata hatajua mwenzake aliishia wapi. Kwenye Tasking Manager, tovuti ya kugawana miraba ya HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team), ukichukua mraba unafungwa kwa jina lako, na usipouachia unafunguka wenyewe baada ya saa 2. Kanuni hiyo itumieni hata kwenye tafsiri, ripoti na kutafuta ukumbi: kazi moja, jina moja, na tarehe ambayo ikipita mwingine anaichukua bila kuomba ruhusa, na aliyeiacha halaumiwi.

Uhakiki ndio unaovunja vikundi vingi. Aliyechora asijihakiki. Miraba 2 au 3 ya kwanza ya mgeni itazamwe siku hiyohiyo, msingoje afikishe nyumba 500. Makosa ni yaleyale: pembe za nyumba zimepinda (kwenye iD, programu ya kuchorea, chagua nyumba, bonyeza Q, kwa msonge bonyeza O), barabara hazijashikana kwenye makutano, au nyumba zimesogea mita kadhaa kwa sababu huyu kachora juu ya picha za setilaiti za Bing na yule juu ya za Esri. Hilo la mwisho msimlaumu mchoraji, maelekezo ndiyo hayakutaja picha ya kutumia. Mrudishieni mraba wake na maelezo ya kosa, arekebishe mwenyewe. Mgeni anayefutiwa kazi kimyakimya harudi, na ana haki ya kukasirika. Mkataze tangu siku ya kwanza kunakili Google Maps, maana kazi hiyo itafutwa yote.

Kuhusu maamuzi, igeni Apache, wale wa programu huria walioanzisha shirika lao mwaka 1999. Mtu anaandika pendekezo na kusubiri saa 72, asipopingwa, anaendelea. Anayepinga lazima atoe sababu. Siku tatu zinamtosha aliyeishiwa bando na aliye zamu ya usiku. WhatsApp ibaki ya kukumbushana, maana uamuzi uliopita humo saa nne usiku asubuhi umeshafunikwa na jumbe 200. Uandikeni kwenye hati moja ambayo wote wanaifungua: tarehe, nani kapendekeza, nini kimekubaliwa. Mistari mitatu inatosha. Ila fedha na kumtoa mwanachama zisipite kwa ukimya, zipigiwe kura.

Nywila za akaunti za kikundi ziwe kwa watu 3 wa miji tofauti, na kila miezi 3 kila mmoja aingie kuhakikisha bado zinafungua.

Halafu mratibu apewe wiki moja kila robo mwaka ya kutogusa chochote, hata kujibu ujumbe. Kitakachokwama wiki hiyo ndicho mkiandikie maelekezo kwanza.