Maswali na majibu: homa ya ini B na hizo "dawa za kuongeza kinga"

*Daktari, nina homa ya ini B sugu. Nitumie nini kuongeza kinga?*

Swali lile lile, kila mara. Ndugu yangu, kinga yako haikupungua, imefungwa breki. Mwili una seli za T (askari wa kinga katika damu) zinazodhibiti, zenye kazi ya kutuliza seli nyingine za kinga zisije zikaharibu viungo. Ziko na nyingine changa, zinazotoka kwenye uboho, zinazomwaga kimeng'enya cha arginasi. Arginasi humaliza arginini, kijenzi cha protini, na bila arginini seli za T hazizaliani ipasavyo. Juu ya hayo, seli za T zinazokilenga kirusi zimekutana nacho miaka nenda rudi, zimechoka, na baadhi zimekufa. Unga gani wa kopo utarekebisha hayo? Baadhi ya mitishamba hiyo huunguza ini lenyewe. Pesa hiyo kapimie wingi wa virusi.

*Basi kwa nini hizo seli za breki zisiuawe tu?*

Hapa umeuliza. Kirusi cha B chenyewe hakiui seli za ini. Anayeziua zaidi ni kinga yako, ikizishambulia zilizoambukizwa. Utafiti uliotoka 2015 ulizikuta seli za arginasi zimejaa kwa watu wenye virusi vingi lakini ini halijaumia. Kinachomlinda kirusi ndicho kinacholinda ini. Ukiiachia breki hiyo kwa pupa, ini linaweza kufeli kabla kirusi hakijaisha. Wanaojaribu dawa za namna hii hufanya hivyo chini ya uangalizi mkali.

*ALT yangu (kipimo cha damu kinachoonyesha ini kuumia) ni ya kawaida, sina dalili. Nimepona?*

Hapana.

*Natumia tenofoviri, dawa ya B, virusi havionekani tena. Niache?*

Usithubutu bila daktari wako. Dawa inazuia kirusi kujinakili, ila DNA yake ya mviringo imejificha ndani ya kiini cha seli ya ini. Ukiacha kiholela, virusi hurudi na ini huwaka. Na ambalo hukuuliza: kabla ya tibakemikali (dawa za saratani), rituksimabu au steroidi za muda mrefu, ambazo hushusha kinga, taja kwamba uliwahi kuugua B, hata kama uliambiwa umepona.

*Mke wangu ana B na ni mjamzito. Mtoto achanjwe lini?*

Ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Wachanga wanaoambukizwa, karibu asilimia 90 hubaki na kirusi; watu wazima hawafiki asilimia 5. Mkeo naye apimwe wingi wa virusi mapema, huenda akahitaji dawa kabla ya kujifungua. Na wewe, umepima?