Hema juu ya Land Cruiser: anza na mfereji wa paa na mizani

Ndugu yetu wa Lindi ameuliza kama keria ya mizigo aliyoikuta kwenye Land Cruiser yake ya Hardtop, iliyochomelewa kwa mabomba ya chuma na mmiliki aliyemtangulia, inaweza kubeba hema la kukunjua la watu wawili, kwa kuwa anakusudia kwenda nalo Msimbati, Tendaguru na baadaye Liwale. Ninaishi Mtwara, na hema la namna hiyo limekuwa juu ya gari langu, ambalo pia ni Hardtop, kwa miaka kadhaa sasa. Ushauri wangu ni kwamba asilifunge juu ya keria hiyo kabla hajaishusha, akaipima kwenye mizani, na kuukagua kwa macho na kwa bisibisi mfereji wa paa, yaani ule wa bati ulio kandokando ya paa ambamo miguu ya keria hushika.

Uzito ndio unaopaswa kutangulia. Kitabu cha gari hutaja kikomo cha mzigo wa paa gari likiwa katika mwendo, na kikomo hicho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa magari mengi ya kazi za porini huwa ni makumi ya kilo tu, au huzidi mia moja kidogo, na kinahesabu keria yenyewe pamoja na kila kilichofungwa juu yake. Keria ndefu ya mabomba ya chuma yenye kingo pande zote huweza kufika kilo 60 ikiwa tupu. Hema la turubai la watu wawili, pamoja na godoro na ngazi yake, mara nyingi huwa na kilo 50 hadi 65. Hapo tayari umefika kilo 110 au zaidi na hujaweka jerikeni hata moja. Ukibadilisha keria hiyo kwa ya aluminiamu, au hata kwa nondo tatu imara za kupita upande hadi upande bila sakafu wala kingo, unarudisha kilo 30 au zaidi, na hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote utakazolipatia gari lako.

Wengi huogopa kwamba paa litabonyea wakiwa wamelala. Gari likiwa limesimama, paa na miguu ya keria hustahimili uzito mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna kurushwa wala kuyumba, na sehemu ya sakafu inayokunjuliwa nje hushikiliwa na ngazi iliyokanyaga ardhi. Hatari hasa iko kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo mfululizo, ambako kila tuta hunyanyua mzigo na kuubwaga tena, na kwenye miteremko kama ile ya kutoka Newala kushuka bonde la Ruvuma, ambako uzito ulio juu huvuta gari upande wa nje wa kona. Kwa hiyo springi na shokomzoba zilizochoka zibadilishwe kabla ya hema kununuliwa.

Sasa mfereji. Hardtop ina bahati ya kuwa na mfereji wa bati kandokando ya paa, na miguu ya keria hushika humo bila kutoboa kitu. Lakini sisi tunaoishi pwani kati ya Mtwara na Kilwa tunajua chumvi inavyokula chuma, nayo hupenda kujificha chini ya ile gundi iliyopakwa ndani ya mfereji kiwandani. Pita na bisibisi mfereji mzima, ukibonyeza taratibu. Mahali gundi inapopasuka na unga mwekundu kutoka, kwangua hadi ufikie bati zima, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ziba upya. Kama bisibisi imezama, usiweke mguu hapo, na usimruhusu fundi achomelee keria kwenye mfereji ili kuficha udhaifu huo, kwa maana moto wa kuchomelea huunguza rangi upande wa ndani ambako huwezi kupaka tena, na kutu itaanzia hapo. Kuhusu idadi ya miguu, mimi ninashikilia sita kuwa kiwango cha chini kwa Hardtop ndefu, na minane ni bora. Chini ya kila mguu weka kipande cha mpira wa tyubu, ila kisizibe tundu la kutolea maji.

Kama bajeti inakulazimu kubaki na keria ya chuma, ikate kingo, ondoa sakafu, ziba ncha za mabomba, na toboa kitundu kidogo upande wa chini wa kila bomba ili maji yatoke. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaifanya kazi hii vizuri sana wakielezwa sababu yake.

Hema lenyewe huwa na reli mbili za aluminiamu chini, na hufungwa kwa bolti za milimita 8 zinazopita kwenye vibati vya kubana nondo. Acha nafasi ya kutosha mkono na spana namba 13 kati ya hema na keria. Ukiibana nafasi hiyo, hutaweza kukaza nati ukiwa njiani. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na nati zenye nailoni ndani, na kwa kuwa chuma hicho kikigusana na aluminiamu penye chumvi huifanya aluminiamu iliwe, paka grisi na weka washa za plastiki katikati. Kaza kwa zamu, kona hii kisha kona iliyo mkabala, bila kutumia nguvu zote, kwani reli hufunguka mdomo. Baada ya kilomita 50 za kwanza za barabara mbaya simama ukaze tena. Bila shaka utakuta nati iliyolegea.

Wauzaji wengi hupendekeza hema lifungukie nyuma. Kwa Hardtop yenye milango miwili ya nyuma sikubaliani nao, kwa sababu ngazi na sakafu vitakuzuia kufikia jiko na maji. Mimi nalifungulia kushoto, upande wa ukingo wa barabara kwa uendeshaji wetu, ili anayeshuka usiku asitue kwenye njia ya magari. Mwinamo wa ngazi uwe wa nyuzi 70 hadi 75, na kwenye mchanga wa Msimbati weka ubao chini ya miguu yake, la sivyo itazama na sakafu itainama nayo. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo uliza taratibu za kulala kabla hujakunjua chochote.

Pima pia kimo kipya cha gari na ukiandike mahali unapokiona ukiwa kwenye usukani. Hardtop yenye hema hukaribia mita mbili na nusu, na njia za vijijini huku kwetu hupita chini ya mikorosho ambayo matawi yake hushuka hadi kichwani. Tawi la mkorosho halipindi kirahisi, na litachana kifuniko cha turubai kwa mara moja. Usilikate bila ruhusa, kwa kuwa lina mwenyewe na ndilo linalompa mavuno ya Oktoba hadi Desemba. Shuka, uzunguke, au uombe njia nyingine.

Mwisho ni unyevu. Ukilifunga hema likiwa limeloa mvua za Machi, lifungue siku hiyohiyo ufikapo nyumbani, kwa sababu ukungu huota ndani ya siku mbili na harufu yake haitoki. Ukitoka ufukweni, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwenye reli, bawaba, miguu ya keria na mfereji mzima, hata kama gari linaonekana safi.