Kabla Hujalipia Leza ya Kwapa, Soma Yaliyonikuta

Juzi usiku msomaji wangu mmoja alinitumia picha ya kwapa lake lenye weusi. Sendofu yake imebaki wiki saba, fundi ameshakata kitambaa cha gauni lisilo na mikono, na kliniki moja ya urembo hapa Dar imemwambia alipie awamu sita za leza, yaani mwanga wa mashine wa kufuta weusi huo, kwa mkupuo apunguziwe bei. "Dada, nilipe?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2021, nikalipa.

Mimi weusi wangu ulikuwa sehemu tatu: makwapani, shingoni kwa nyuma, na ndani ya mapaja pale yanaposuguana. Nilianza kujifunika nikiwa kidato cha tatu. Kuna siku nilienda kusuka, dada wa saluni akachukua taulo lenye maji akaanza kunisugua shingo akidhani ni uchafu. Wateja wanne walikuwa wanaangalia. Alisugua, akasita, akaliweka taulo chini bila kusema neno. Nimeolewa, nimezaa, na bado siku ile naikumbuka kila nikiona taulo la saluni.

Nilipaka limau, nikapaka magadi, nikasugua kwa jiwe la miguu. Mkorogo nao nilipaka, wa kupimiwa kwenye kikopo kisicho na jina. Mwezi wa kwanza ulinipa matumaini, kisha ngozi ikawa nyembamba, inawasha, na weusi ukarudi na nguvu zaidi. Vikopo vile huwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, dawa za steroidi, hata zebaki, na aliyekuchanganyia hakwambii. Hapo nisikae sana.

Basi nikaenda kwenye leza. Aliyenihudumia alivaa koti jeupe, nikamwita daktari, hakunisahihisha. Hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote, hakunijaribishia sehemu ndogo kwanza. Kila mwanga ulipopiga nilisikia kama mtu ananivutia mpira na kuuachia kwenye ngozi. Awamu ya pili akaongeza nguvu. Usiku ule makwapa yalitoka malengelenge, nikalala mikono juu ya mito. Yalipobanduka, palibaki alama nyeusi zenye kona nne, umbo lile lile la kichwa cha mashine. Niliporudi kulalamika, niliambiwa tatizo ni ngozi yangu. Pesa naweza kuisamehe. Neno lile sijalisamehe.

Daktari wa ngozi niliyemwendea baadaye ndiye aliyenifungua macho. Kwanza, ile haikuwa hata leza; ilikuwa mashine ya mwanga mchanganyiko inayoitwa IPL. Mwanga wa aina hiyo hunaswa na melanini, ile rangi ya ngozi, na mashine haijui kutofautisha melanini ya doa na melanini yako uliyozaliwa nayo. Kwenye ngozi nyeusi joto linabaki juu na kuunguza. Na ngozi yetu ikiumia, iwe kwa moto, chunusi au wembe, hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Madaktari wana ngazi ya kupanga ngozi iliyoanzishwa na daktari wa ngozi Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1975. Mwanzo ilihesabu ngozi nyeupe tu, daraja nne. Za kwetu, ya 5 na ya 6, ziliongezwa baadaye. Mimi ni ya 5. Akasema leza inayofaa zaidi kwetu ni ya aina ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 1064, kwa sababu inazama ndani bila kunaswa sana na melanini ya juu, na hata hiyo hupigwa kwa nguvu ndogo, baada ya kujaribiwa sehemu ndogo na kusubiri wiki kadhaa kuona ngozi itajibu nini.

Kisha akanigusa shingo. "Hii imenenepa, laini kama mahameli. Nyumbani kuna mwenye kisukari?" Mama yangu. Akanituma maabara kabla hajaandika krimu yoyote, na sukari ilikutwa juu ya kawaida, ingawa haijafika kisukari. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikizidi mwilini huchochea seli za ngozi kuongezeka, na weusi huo hujitokeza shingoni, makwapani na kwenye kinena. Miaka yote nilisugua na kuchoma kitu ambacho mwili ulikuwa unanitangazia.

Nilipunguza kilo 11. Soda niliacha, ugali nikaupunguza nusu, jioni natembea Sinza hadi Mwenge. Ndani ya mwaka mmoja shingo ilitakata yenyewe. Makwapani niliacha wembe na manukato ya kupaka, nikatumia krimu ya asidi ya azeleiki niliyoandikiwa, na kwenye mapaja navaa taiti laini. Alama zile za kona nne ndizo pekee zilizopigwa leza, na daktari, baada ya jaribio la ukubwa wa kucha. Zimefifia, hazijaisha. Wiki iliyopita nimevaa gauni la mikono wazi kwenye harusi ya binamu yangu, mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, na nimepiga picha mikono juu.

Dada zangu, tuache kulipia mashine kabla hatujajua chanzo. Uliza anayekushika ni nani na amesomea wapi. Madaktari wa ngozi tunao. Moshi wanafundishwa tangu miaka ya 1990. Uliza ni mashine gani. Kataa kulipia awamu sita kwa mkupuo, kwa sababu anayekuuzia sita kabla ya kuona ya kwanza hajaiangalia ngozi yako. Pima sukari, hasa kama shingo nayo ni nyeusi. Na wewe unayemcheka mwenzio shingo chafu, nyamaza, au mshike mkono mwende maabara.

Yule bibi harusi nimemjibu asilipe. Wiki saba hazitoshi, na kuungua kabla ya sendofu ni kubaya kuliko kwapa jeusi. Nimemwambia fundi wake aongeze mikono ya lesi, naye aende kupima asubuhi kabla hajala. Amesema ataenda Jumatatu. Nimemwomba anitumie majibu, na picha ya shingo.