Usiuze pikipiki kwa ajili ya lenzi nyeupe

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikaingiza ujumbe. Kijana wa Morogoro, mmoja wa wanaofuatilia picha zangu za Tanga, kaniandikia: “Shikamoo kaka. Nina pikipiki yangu nataka niiuze nichukue ile lenzi nyeupe, 70-200. Kwa sasa natumia 55-250, wenzangu wananicheka, wanasema ni plastiki tupu. Unanishaurije?”

Niliinuka nikawasha taa. Hilo neno plastiki mimi nina kesi nalo ya siku nyingi.

Kwa asiyeijua, 55-250 ni lenzi ya kuvuta ya Canon, ya kamera za sensa ndogo, sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Hizo namba ni milimita, zikiwa kubwa inavuta zaidi. Wana matoleo matatu: la 2007, la 2011, na la 2013 lililoandikwa STM ubavuni. Mimi ninayo hilo la tatu. Niliichukua mkononi kwa mtu, Kariakoo, kwa laki tatu na nusu, baada ya kubishana hadi azana ya magharibi. Ni kweli ni plastiki. Hata pale inaposhikana na kamera ni plastiki. Ina gramu 375, yaani naiweka kwenye mfuko wa koti na koti halilali upande. Ile nyeupe, 70-200 inayofungua tundu la mwanga hadi f/2.8 (namba ndogo, tundu kubwa), inakaribia kilo moja na nusu, na hapo hujaweka kamera.

Wakati ule nilikuwa msaidizi wa studio moja ya harusi. Siku moja ukumbini, bwana harusi yupo, wapambe wapo, mwenye studio akaichukua kamera mkononi mwangu, akaigonga lenzi kwa kucha, ko, ko, ko. “Hii kapigie kunguru,” akasema. Watu wakacheka. Mimi nikapewa taa nishike mpaka saa saba usiku. Nauli ya kurudi nilijitolea mwenyewe.

Nikiwa mkweli, kwa ukumbini hakukosea. Ukiivuta lenzi hii hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na kumbi zetu na zile taa zake za buluu, utaipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka sura ya bibi harusi iote mchanga. Kama riziki yako ni harusi za usiku, lenzi hii si yako, nenda kajipange na lenzi nyeupe. Lakini alivyolisema! Alikuwa na nafasi ya kuniita pembeni.

Basi nikaenda kupiga kunguru. Kweli kabisa. Tanga kunguru hawakosekani, nikawapiga kwenye minazi, kwenye nyaya za umeme, kwenye jalala. Miezi sita hiyo haina la kusimulia, picha zote zilikuwa takataka. Nilichofaidi ni kujua kwamba mkono wangu unatikisika. Kwenye kamera ya sensa ndogo, milimita 250 inaona kama 400, na mtikisiko nao unakuzwa vivyo hivyo. Lenzi ina kidhibiti cha kutuliza mkono, ila kidhibiti hakimtulizi kunguru. Kwa kinachokwenda, pandisha kasi ya shata hadi 1/500 ya sekunde au zaidi. Na kama muuzaji anakuletea 75-300 ya bei poa zaidi, mwambie asante: ile haina kidhibiti. Tofauti ya bei ni ndogo, majuto ni makubwa.

Sasa niwaambie asubuhi iliyonigeuza.

Ilikuwa Juni, masika imekwisha, hewa imeoshwa. Nilikuwa Raskazone saa kumi na mbili na nusu, jua liko mgongoni, nimeelekea upande wa mji na bandari. Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimekulia kwenye hizi barabara za namba, na milima ya Usambara naijua kama mstari mwembamba ambao ukiwa na macho mazuri unauona nyuma ya mji. Nilikuwa sijawahi kuitilia maanani. Ngalawa ikapita, tanga lake limeshonwa viraka viwili vya gunia. Nikavuta hadi 250. Mle ndani ya kamera nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona: mlima umekuja. Umesimama nyuma ya ngalawa kama ukuta, na mvuvi yuko katikati yake, kainamia maji anayamwaga kwa kopo.

Lenzi haileti mlima, msidanganyike. Kinachofanya kazi ni mahali uliposimama. Mvuvi akiwa mita tano kutoka kwako, yeye ni jitu na mlima ni uzi. Akiwa mita mia nne, kapungua yeye, mlima uko vilevile, na wewe ukivuta unawachukua wote wawili kwa uwiano huo mpya. Ndiyo maana nasema rudi nyuma. Wenye lenzi ya kuvuta wengi wanaitumia kwa uvivu, wamekaa kwenye kiti wanavuta. Wewe rudi nyuma kwanza, halafu vuta. Hilo moja tu ukilishika umeshapata nusu ya lenzi.

Picha ile niliipiga kwa f/8, yaani tundu limebanwa kidogo, maana hapo lenzi hii inakata vizuri kuliko tundu likiwa wazi lote. Saa nne nilijaribu tena palepale, ikatoka kama nimepiga kupitia mvuke wa sufuria. Bahari ikishapata joto, hewa inacheza, na hapo hata lenzi ya milioni nane inapiga mvuke huohuo. Kwa hiyo amka mapema.

Kitu kingine kuhusu watu. Lenzi ndefu inakupa ujeuri wa kumpiga mtu asiyejua. Pale Deep Sea, soko la samaki, nilisimama mbali nikampiga mama mmoja muuza samaki akimfokea mteja. Picha kali, nikajiona mjanja. Nilipompita akaniita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umenipiga picha, sivyo?”

“Ndiyo, mama.”

“Hebu nione.” Akaishika kamera kwa kidole gumba na cha shahada, mikono ina magamba. Akatazama kwa muda. “Hii ya kinywa wazi futa. Wajukuu zangu wakiona watasema bibi ana wazimu. Sasa njoo unipige na huyu,” akamnyanyua changu mwekundu.

Nikafuta mbele yake. Kuanzia siku ile, nikipiga kwa mbali naenda kwa karibu kuonyesha. Na ile ya changu, nilisogea hadi kama mita moja, lenzi hii inashika fokasi kuanzia sentimita 85, nikapata jicho la samaki na kidole cha mama chenye pete ya shaba, nyuma kote kumeyeyuka. Wanaosema lenzi ya bei rahisi haiyeyushi nyuma, wawe wanasogea.

Safarini ndiko inakolipa deni lake. Mwaka jana nilipanda Lushoto na begi moja la mgongoni. Asubuhi pale Irente, ukingoni, watu kumi na kitu wamenyoosha simu, wote wanapata picha ileile: mbingu juu, ukungu chini. Mimi nikavuta chini kule Mazinde, nikaokota mistari ya mkonge, barabara, na lori moja linakwenda zake na kivuli chake kirefu pembeni. Mzee mmoja aliyekuwa anauza parachichi akaomba achungulie. Akacheka. “Kumbe huku chini kuna watu!” Mwenye kilo tatu shingoni angekuwa bado anapumzika njiani pale Soni, mimi nishamaliza na chai nishakunywa.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, kuvu. Unyevu wetu unaingia ndani ya vioo na kuota nyuzi kama utando wa buibui, na kuzisafisha ni gharama kuliko lenzi yenyewe. Mimi yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tena plastiki, ndiyo.

Vijana wangu, mnapenda kununua heshima. Mnatazama shingo ya mtu kabla ya kutazama picha yake. Amka mapema, rudi nyuma, vuta, subiri. Hizo hakuna duka linaziuza. Picha ya ngalawa ile, mwezi uliopita, hoteli moja ya hapa mjini imeinunua na kuitundika mapokezi, upana wake mita moja na nusu. Aliyenipigia simu kunipongeza ni nani? Yule bwana wa studio. Akauliza, “Ulipigia lenzi gani ile?” Nikamwambia, “Ile ya kunguru.” Akanyamaza kidogo, halafu akasema mtandao unasumbua.

Nilimwandikia yule kijana haya yote, kwa urefu zaidi ya hapa. Nikamwambia pikipiki inakuletea hela ya kula na inakufikisha Uluguru alfajiri, kuna mpiga picha gani anauza miguu yake? Nikampa na mahesabu ya mafuta. Asubuhi nikakuta kajibu:

“Asante sana kaka, nimekuelewa. Ila pikipiki niliiuza Jumamosi.”

Nikamuuliza hela bado anayo. Naona tiki mbili za buluu, hajajibu mpaka sasa.