Taarifa yangu kwa vyombo vya habari haitoki, nakosea wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Nimepewa kitengo cha mawasiliano kwenye ushirika wa wafugaji nyuki huku Sikonge, Tabora, nilisomea uhasibu lakini ndo hivyo. Mwezi uliopita tumezindua kituo cha kuchakata asali, nikaandika taarifa ya kurasa tatu, nikaskani nikatuma kwa magazeti na redio kibao, mpaka leo kimya. Mwenyekiti kila akiniona anauliza tunatoka lini. Wengine wananiambia bila bahasha haitoki. Nimekuwekea yote uisome, inaanza hivi: "Ushirika unayo furaha kubwa kuutangazia umma kuwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, akiambatana na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, amezindua rasmi kituo cha kisasa cha kuchakata mazao ya nyuki ikiwa ni katika kuunga mkono jitihada za serikali." Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma yote mpaka kwenye mhuri. Stori unayo, tena nzuri, ila umeifukia ukurasa wa tatu. Kuna sentensi moja huko chini inasema wanachama 214 sasa wanapimiwa asali kwa kilo, wakati zamani walikuwa wanauza kwa ndoo. Mimi nimekaa dawati la habari za mikoani miaka, hapo ndo ningesimama. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20, asali ni nzito kuliko maji, ukiipandisha kwenye mzani inacheza kwenye kilo 28 hivi, sasa kama mnunuzi alikuwa anamhesabia mfugaji ndoo ile kama kilo 20 ina maana kilo nane zinaondoka bure kila ndoo. Waulize wanachama kwanza walikuwa wanahesabiwaje, usiandike kwa kuhisi, lakini kama ndivyo ilivyokuwa basi hiyo ni habari ambayo hata mtu wa Temeke asiyejua mzinga unafananaje ataisoma.

Linganisha na ulivyoanza. "Unayo furaha kubwa" ni furaha yenu, msomaji haimhusu. Mkuu wa wilaya kuzindua kitu ni kazi yake ya kila wiki, na mhariri ana uzinduzi mwingine kumi na kitu kwenye imeili asubuhi hiyo hiyo. Hiyo "katika kuunga mkono jitihada" ndo usiseme, iko kwenye kila taarifa nchi hii kwahiyo jicho linaipita tu. Ningekuwa wewe ningeanza hivi:

"WAFUGAJI nyuki 214 wa Sikonge mkoani Tabora wameanza kuuza asali kwa kilo badala ya ndoo, baada ya ushirika wao kufungua kituo cha kuchakata asali chenye mizani."

Basi, hiyo ndo intro. Nani, nini, wapi, kwanini, vyote vimo, na hilo neno la kwanza nimeliweka herufi kubwa maksudi kwa sababu magazeti yetu mengi ndo yanaanza hivyo, ukiliweka wewe unamuonyesha mhariri kwamba unajua kazi yake. Aya ya pili unaeleza hesabu ya ndoo na kilo na bei ya sasa. Ya tatu mfugaji anaongea. Ya nne ndo analetwa mkuu wa wilaya, jina lake kamili na alichosema chenye uzito, kama aliahidi barabara au umeme weka hiyo ahadi, kama alipongeza tu sentensi moja inatosha. Kamati ya Ulinzi na Usalama toa kabisa. Najua mwenyekiti atasema itifaki, mwambie itifaki inazingatiwa ukumbini, na mhariri akiwa na nafasi finyu anakata kuanzia chini kwenda juu kwahiyo kitu kinachouma lazima kiwe juu. Vipo vyombo ambavyo kiongozi ndo stori yao, hivyo waandikie toleo la pili linaloanza na kiongozi, haikugharimu chochote.

Nukuu sasa. Ulizoweka zote tatu ni za viongozi na zote zinashukuru. Moja ya mwenyekiti ibaki, tena iwe na taarifa ndani yake, mfano kituo kinachakata kilo ngapi kwa siku na mmepata wapi pesa ya mashine. Maneno ya mwenyekiti unaweza kumuandalia akayapitia akayakubali, ofisi zote zinafanya hivyo. Ya mfugaji usitunge. Nenda kwake na simu urekodi, muulize msimu uliopita alipata shilingi ngapi na safari hii ngapi, akiongea kwa lafudhi yake na mfano wake muache hivyo hivyo.

Watu wanadhani taarifa inatoka kwa kujuana, sikatai kabisa, lakini hii kazi ina zaidi ya miaka mia. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kule Atlantic City, Marekani, watu zaidi ya 50 wakafa, na mtu wa mawasiliano wa kampuni hiyo, Ivy Lee, badala ya kuficha akawaandikia wanahabari nini kimetokea. New York Times wakaichapa kama alivyoiandika. Ilichapwa kwa sababu ilikuwa na facti ambazo mwandishi angezihangaikia siku nzima, na iliwafikia mapema.

Kuhusu bahasha: ukimwita mwandishi atoke Tabora mjini mpaka kwenu, suala la nauli na chakula litakuja, kubalianeni wazi kabla. Lakini stori iliyokamilika ikitua kwenye imeili haihitaji bahasha, mhariri ana kurasa za kujaza. Halafu usirushe Dar tu. Watafute waandishi wa mkoani kupitia klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wenu, wengi wao wanalipwa kwa stori iliyotoka, kwahiyo ukimpa kitu kizuri ni yeye atakayekukimbilia.

Hilo la kuskani nalo limekuponza. Pidiefu ya kuskani ni picha, mhariri hawezi kukopi wala kupesti, itabidi aketi achape upya kurasa tatu, hachapi. Maneno yaweke ndani ya imeili yenyewe, ukurasa mmoja, na faili la Word uambatanishe. Yenye mhuri na sahihi itume pia kama kiambatanisho cha pembeni maana siku hizi taarifa feki ni nyingi wasapu na mtu anataka uhakika. Hedingi ya imeili iwe habari yenyewe, sio "Yah: Taarifa kwa vyombo vya habari", wote wameandika hivyo.

Picha ya meza kuu na utepe achana nayo. Piga mikono ikikamua masega au ndoo ikiwa juu ya mzani, kepsheni iwe na majina kuanzia kushoto, na ukitumia wasapu itume kama dokumenti isije ikabanwa ikafifia.

Muda: tuma asubuhi, jioni kurasa zinafungwa. Gazeti la Jumatatu linaandaliwa Jumapili, ofisi zimefungwa na matukio hakuna, hapo dawatini wanalia njaa ya habari, kwahiyo Jumapili asubuhi ni saa yako. Redio watengenezee fupi ya sentensi nne tano, isome kwa sauti kwanza, ukikata pumzi katikati hata mtangazaji atakata. Ile namba uliyoweka ya mawasiliano nimejaribu kupiga, haipatikani. Weka ya mtu anayepokea simu.

Hii ya uzinduzi imeshapoa, usiitume tena hata ukiirekebisha. Subiri malipo ya kwanza ya asali iliyopimwa kwa kilo, chukua hesabu ya mfugaji mmoja ya ndoo na ya kilo, mwanzo mwisho, hapo una habari mpya. Ukishaandika intro nitumie niione kabla hujairusha.